Mikono Mitupu

Walipofika mahali njia ya vumbi inapoiacha barabara na kuingia katikati ya mizabibu, Ruthu alisimama akamshika Silvano mkono wa shati. Jua la alasiri lilikuwa limeanza kulegea. Upepo wa Septemba, ule usiochoka kuizunguka Dodoma nzima, ulikuwa umetulia kwenye mashamba haya ya Makutupora, na harufu ya zabibu zilizoiva ilikuwa nzito kiasi cha mtu kudhani anaiota.

"Nakuomba kitu," Ruthu alisema. "Leo usifanye hata mchezo mmoja. Ukiwa mbele ya baba, kuwa mtu tu."

Silvano alitabasamu, lakini alipoona macho yake hayacheki, tabasamu likamwishia mdomoni. Akaahidi.

Alijua anachoombwa. Katika soko la mahindi la Kibaigwa alikokuwa dalali, watu walimfahamu kwa mikono yake kuliko kwa biashara yake. Malori yanapongoja kupakiwa, siku huwa ndefu na vivuli huwa haba, na hapo ndipo alipojifunzia mazingaombwe yake, akiwachangamsha madereva waliochoka kungoja. Hakuwa na karata wala kitambaa, wala sanduku lenye kificho. Alikuwa na viganja viwili na maneno. Angekuambia ukunje vidole hivi, ufumbe macho, uvute pumzi, na mara kidole chako mwenyewe kinakataa kunyanyuka, au mkono wako mmoja unaonekana umefupika kuliko mwenzake, au anakutajia jina ulilolificha moyoni.

Ndivyo alivyoingia katika maisha ya Ruthu. Ruthu alikuwa nesi wa zahanati, na siku walipokutana ilikuwa siku ya chanjo. Watoto walikuwa wakilia kwa kuambukizana, mmoja akianza wote wanafuata, na mama zao walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kuwabembeleza. Silvano, aliyekuwa ameleta mahindi kwa wafanyabiashara wa huku, alikuwa amemsindikiza mpakuaji wake aliyejikata mguu. Alichuchumaa mbele ya watoto, akawaonyesha viganja vyake mbele na nyuma, kisha taratibu, kana kwamba anachomoa kizibo, akakichomoa kidole gumba chake, akakitembeza hewani na kukirudisha mahali pake. Zahanati nzima ikanyamaza. Sindano ziliingia na kutoka bila mtoto hata mmoja kukumbuka kulia.

Kisha akamgeukia nesi. Akamwambia amfikirie mtu mmoja tu, yule anayemkumbuka kuliko wote, asimtaje. Ruthu alicheka, lakini akafikiri. Silvano alimtazama kwa muda ambao ulikuwa mrefu kuliko mchezo ulivyohitaji. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ni mama yako."

Mama yake Ruthu alifariki Ruthu akiwa mdogo, hata sauti yake haikumbuki. Siku ile aliingia stoo ya dawa akafunga mlango, akalia kilio kisichokuwa na uchungu, kilio cha mtu aliyekuwa amejificha muda mrefu halafu akaonekana. Tangu hapo aliibeba siku ile kama mtu anavyobeba maji kwenye viganja, kwa kuogopa isimwagike.

Lakini baba yake, Mzee Bartolomayo, aliposikia habari za dalali anayecheza mazingaombwe, alisema neno moja tu: hapana. Hakufoka. Alilisema kama anavyofunga lango la shamba jioni, akaendelea na kazi zake. Jumapili inayokuja ilikuwa imepangwa wazazi wa Gerson waje kuleta posa. Gerson alifanya kazi katika ofisi moja ya Serikali kule Mtumba, kijana mpole asiye na kasoro ya kutajika, na labda hilo ndilo lililomfanya Ruthu asiweze kuukumbuka uso wake akishaondoka. Leo ilikuwa Ijumaa. Ruthu alikuwa amemsihi baba amwone Silvano japo mara moja kabla ya kufunga neno, na mzee, kwa kuwa hakupenda kuitwa mkaidi, akakubali.

Sababu ya ile hapana kila mtu nyumbani aliijua ingawa haikusemwa. Alikuwa ni Shangazi Dorothea, dada yake mzee. Katika usichana wake alipita huku mwanamume mmoja wa mazingaombwe, akienda shule hadi shule na suti yake nyeusi, na alipoondoka Dorothea aliondoka naye. Babu alipiga marufuku jina lake kutajwa. Alirudi miaka mingi baadaye akiwa na furushi la nguo tu, wakati mama yake Ruthu alipofariki, akaingia jikoni, akambeba mtoto mgongoni na kuanza kupika, kana kwamba alikuwa ameenda kisimani akachelewa. Yeye ndiye aliyemlea Ruthu. Kuhusu yule mwanamume, hajapata kutamka neno.

Sasa alikuwa ameketi barazani, vichala vya zabibu vimejaa kwenye kreti miguuni pake, akizikata kwa mkasi mdogo zile zilizooza na kuziacha zianguke kwenye beseni. Mzee Bartolomayo alikuwa kwenye kiti chake, fimbo imelala magotini.

"Mbukwenyi," Silvano alisalimia kwa Kigogo, akainama kidogo.

"Mbukwa," mzee akaitika, na kwa Kiswahili akamkaribisha akae.

Maongezi yalianza kwa mbali, kama inavyopasa. Mzee aliuliza wazazi wa Silvano wanatoka wapi, wanasali wapi, kama mvua za Kibaigwa zilikuwa njema. Silvano alijibu yote kwa adabu, mikono yake imetulia juu ya mapaja, na Ruthu aliyekuwa amesimama kando ya mlango aliona jinsi utulivu ule ulivyomgharimu. Vidole vile havikuzoea kukaa kimya.

"Wewe ni dalali," mzee alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Dalali anaishi kwa maneno. Na mchezo wako huo nao unaishi kwa maneno. Sasa mimi nitajuaje ni lini unasema kweli?"

 Silvano alitazama viganja vyake. Kisha akakiri kwamba hajui njia ya kumfanya mtu amwamini, maana kila njia anayoijua ni ya kumfanya mtu aamini kisichokuwapo.

Ruthu alifumba macho. Lilikuwa jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kutoa, na kwa sababu hiyo akampenda zaidi, akaogopa zaidi.

Ndipo mkasi wa Shangazi Dorothea ulipoacha kulia.

"Nionyeshe," alisema.

 Mzee alitaja jina la dada yake kwa sauti ya kuonya.

"Nimesema anionyeshe, kaka. Mimi ndiye ninayeombwa kuogopa kitu hiki kila siku. Acha nikione tena."

Silvano hakunyanyuka. Alimtazama Ruthu, kwa kuwa ahadi yake ilikuwa kwake. Ruthu akamtazama shangazi, akaona uso ambao hajawahi kuuona juu ya mwili ule aliouzoea, uso wa msichana anayesimama ukingoni mwa kitu. Akamkubalia Silvano kwa kichwa.

Basi Silvano akasimama, akamwomba shangazi naye asimame na kuiacha mikono yake ining'inie pembeni. Akamwonyesha viganja vyake, vitupu, mbele na nyuma. Akamshika viwiko vya mikono kwa nje, akamwambia asukume kama anayetaka kuinyanyua mikono yake kando, asukume kwa nguvu zote, naye atamzuia.

"Fumba macho, Shangazi. Endelea kusukuma. Fikiria kitu chepesi. Chochote kilichokuwa chepesi zamani."

Alizungumza polepole, kwa sauti ile ambayo Ruthu aliikumbuka kutoka zahanatini, sauti isiyomsukuma mtu bali inayotembea kando yake. Nyuma yao jua lilikuwa limefika kwenye majani ya mizabibu, na kila jani liliwaka kingo zake. Wavunaji waliokuwa wakiitana kwa mbali walisikika kama watu wa nchi nyingine. Shangazi alisukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kisha Silvano akamwachia, akarudi nyuma, akanong'ona, "Sasa pumzika. Usifanye kitu."

Mikono ya Shangazi Dorothea ikaanza kupaa.

Ilipanda yenyewe, taratibu, bila yeye kuiamuru, mikono ile iliyochota maji na kusonga ugali na kumfunga Ruthu mgongoni. Ilipanda hadi usawa wa mabega na kusimama hewani, ikitetemeka kidogo, kama mbawa za ndege anayengoja upepo umpe njia. Khanga yake ilimteleza begani na hakuijali. Alifungua macho, akaitazama mikono yake, na sauti iliyomtoka haikuwa kicheko wala kilio. Ruthu alihisi machozi yakimjaa bila kujua anamlilia nani.

Mikono iliposhuka, shangazi aliketi.  Halafu akamwuliza Silvano swali moja.

"Umefanyaje?"

Silvano alisita. Kila anayecheza michezo ile anajua kwamba siri ndiyo mchezo wenyewe. Ukiitoa unabaki na viganja tu.

"Yule wa kwangu nilimwuliza kila siku," shangazi aliendelea, na sasa alikuwa anaongea na kaka yake, si na mgeni. "Nilikula naye, nikatembea naye nchi hii yote, nikazika mtoto naye. Nilimwuliza, unafanyaje? Alicheka tu. Wewe, kaka, ulidhani mikono yake ndiyo iliyoniumiza. Mikono yake niliipenda. Kilichonichosha ni kile kicheko."

Mzee Bartolomayo aliinamisha kichwa. Hakuwa akijua kwamba palikuwa na mtoto.

Silvano akachuchumaa mbele ya shangazi kama alivyochuchumaa mbele ya wale watoto, akamweleza. Alimwambia hakufanya kitu, ni mikono yake mwenyewe. Mtu akisukuma kwa muda na akazuiwa, mwili unashika ile amri, na kizuizi kikiondoka unaendelea kuitii hata mwenyewe akiwa ameshaacha. Hahitajiki mtu wa mazingaombwe. Hata mtu akisimama peke yake mlangoni, akasukuma miimo ya mlango kwa migongo ya viganja mpaka achoke, halafu akatoka mbele, mikono yake itapaa hivyo hivyo.

"Ni hivyo tu?" shangazi aliuliza.

"Ni hivyo tu, Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyerudishiwa kitu, akauchukua mkasi wake. Mzee aliinuka, akaegemea fimbo yake, akaingia ndani.

Silvano aliaga, na Ruthu akamfuata hadi kwenye safu za kwanza za mizabibu. Alipaswa kuwa na furaha. Lakini swali la shangazi lilikuwa limefungua mlango ndani yake, na hakuweza kuufunga.

"Na ile ya siku ya kwanza?" aliuliza. "Ya mama?"

Silvano alimwomba asiulize hiyo.

"Shangazi kauliza, umemjibu."

Alichezea jani la mzabibu. Kisha akasema bila kumtazama, "Ukimwambia mtu amfikirie anayemkumbuka kuliko wote, wengi humfikiria mama. Na nilikuona ulivyokuwa ukiwaangalia wale akina mama waliowapakata watoto. Nikakisia."

"Na ungekosea?"

"Ningegeuza utani. Ungecheka, nami ningeondoka."

Ruthu alihisi maji aliyoyabeba kwa uangalifu muda wote huo yakimponyoka vidoleni. Alikuwa amelala na siku ile na kuamka nayo. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyemwona mpaka ndani.

"Kwa hiyo hukuniona," alisema.

"Nilikukisia kwanza, Ruthu. Kukuona kulikuja baadaye. Ulipotoka stoo macho yamekuvimba, ukashika sindano ukaendelea na kazi, hapo ndipo nilipokuona. Nikajua nimecheza na kitu kisichochezewa, na nimekuwa nikirudi kwako kila juma nikitafuta namna ya kukuambia."

 Ruthu alimwacha amesimama, akaingia ndani ya shamba, safu baada ya safu, mpaka sauti za wavunaji zikawa nyuma yake.

Alitembea kwa muda ambao hakuupima. Mwanga ulikuwa wa rangi ya asali, vumbi lililoinuliwa na miguu yake lilining'inia hewani likakataa kutua. Alichuma zabibu moja akaiweka mdomoni, na utamu wake ukamshangaza, kwa sababu alikuwa ametegemea uchungu. Alijaribu kumchukia. Alimkumbuka katika stendi ya mabasi, akimngoja na koti lake la mvua siku isiyokuwa na mvua. Alimkumbuka akimsikiliza habari za wagonjwa wake mpaka jina la kila mtoto akalijua. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji viganja. Na leo, siku ambayo uongo mdogo ungemfaa kuliko siku zote, alikuwa ameulizwa akasema.

Aliporudi alipita nyuma ya nyumba, na hapo, kwenye mlango wa jikoni, akamkuta baba yake.

Mzee Bartolomayo alikuwa amesimama katikati ya mlango, fimbo imeegemezwa ukutani, migongo ya viganja vyake ikisukuma miimo ya pande zote mbili. Alisukuma huku amefumba macho na kukunja uso kama mtu anayebeba gunia. Halafu akapiga hatua moja mbele, uani, akalegea. Mikono yake ya mzee wa kanisa, mikono ya kushika jembe na kitabu cha tenzi, ikaanza kupaa polepole pande zote mbili. Alifungua macho. Akamwona binti yake.

Alijaribu kuishusha kwa haraka, lakini bado haikuwa tayari kushuka, ikabaki pale juu kati yao.

"Nilitaka nijue kama yule kijana amesema kweli," mzee alisema.

"Na?"

"Amesema kweli."

Mikono ikashuka. Mzee akaichukua fimbo yake na kuitazama ncha yake kwa muda. Akaeleza kwamba siku zote alidhani dada yake alichukuliwa kwa hila, na kwamba baba yao alipopiga marufuku jina lake, hakuna aliyewahi kumwuliza Dorothea mwenyewe anataka nini. Alikuwa ameishi naye nyumba moja miaka yote hii na hakujua kwamba alizika mtoto.

"Jumapili wale watu wakija," alisema, "mimi sitasema kwa ajili yako. Niambie niwaambie nini."

Ruthu alikuwa amelitafuta neno hilo mashambani kote, na sasa lilimjia bila kulitafuta.

"Wapelekee ujumbe wasije, baba. Waambie nina mtu."

"Hata baada ya kugombana naye pale kwenye mizabibu?"

"Umesikia?"

"Nimeona unavyotembea. Mama yako alitembea hivyo hivyo akikasirika." Kisha akasema kwa sauti ya kazi, kama anayepanga mavuno, kwamba yeye bado hajakubali lolote. Kijana alete wazee wake, waje kwa utaratibu, waulizwe na wajibu. Ruthu akasema ndiyo, baba. Mzee akageuka kuingia jikoni, akasita kizingitini.

"Kamwulize kama anakula mlenda."

Silvano alikuwa kando ya barabara akiwasaidia wapakiaji kupandisha makreti kwenye pikapu, shati lake limejaa madoa ya zambarau. Dereva alikuwa amekwisha mwahidi kumfikisha mjini. Alipomwona Ruthu anakuja alishusha kreti alilokuwa amelibeba, akabaki amesimama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu na amekwisha ikubali.

Ruthu alisimama karibu naye, karibu kuliko ilivyofaa mbele ya wapakiaji.

"Baba anauliza kama unakula mlenda."

 Silvano alimtazama Ruthu, akaitazama nyumba, akamtazama tena Ruthu, kama anayetafuta mahali palipofichwa kificho.

"Na wewe je?" aliuliza mwishowe. "Wewe unasema nini?"

"Mimi nina njaa," Ruthu alisema, akamshika mkono.

Pikapu iliondoka bila abiria. Walipofika uani, Shangazi Dorothea alikuwa ametandika mkeka, ugali wa uwele unatoa mvuke kando ya bakuli la mboga ya mlenda, na mzee ameketi amewageukia mgongo nusu akijifanya anatazama mbuzi. Shangazi akachukua birika na beseni. Hakuanza na kaka yake, ingawa ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Alimwendea mgeni, akainama, akammiminia maji ya uvuguvugu viganjani.